Picha ya kivuli: mbona kijana wangu ametoka guka yake mtupu?

MamaSection58 (Nakuru)
Hamjambo wote. Nauliza wenye wamewahi kukata picha za vivuli za watoto wao, zile za kichwa cha upande, nyeusi tii juu ya karatasi nyeupe. Stima ilipotea huku kwetu, watoto wakaanza kuchezea vivuli kwa ukuta na tochi ya simu, nikaona huyu mdogo amesimama upande hivi na kichwa chake kimejichora vizuri sana, nikageuza kalenda ya zamani nikaibandika kwa ukuta nikafuata kivuli na penseli, kesho yake nikakata kwa manila nyeusi. Sasa jambo lenyewe ni hili. Kijana ako Gredi 1, na uso wake ukimwangalia ni mimi kabisa, watu wanasema hivyo tangu azaliwe. Lakini kivuli kimetoa guka yake, baba ya bwanangu, mzee mwenye alituacha kabla huyu mtoto hajazaliwa. Cucu (nyanya yake) aliiona kwa meza akaichukua akaniuliza nimetoa wapi picha ya mzee. Sikuwa nimemwambia ni ya nani! Hii inatoka wapi jameni? Na nyinyi mlitoa nini?

fundi_kondele (Kisumu)
Karibu mama. Mimi kazi yangu ni fremu na hizi picha zinanijia, mara nyingi walimu na wazazi wenye watoto wao waliambiwa na shule wafanye. Jibu langu ni rahisi, kivuli kinatoa mfupa. Ukimwangalia mtoto unaona macho, rangi, vishimo vya mashavu, venye anacheka, na hayo yote pengine ametoa kwako. Kivuli kinayafuta yote kinabaki na mstari mmoja tu, paji la uso, daraja la pua, midomo, kidevu, basi. Huo mstari ndio wa kina guka. Ulikuwa hapo siku zote ila macho yenu yalikuwa kwingine.

Mwalimu_Lurambi (Kakamega)
Fundi nakuheshimu lakini usiseme kivuli kinatoa mfupa kama eksirei. Kivuli kinatoa chochote chenye taa imekutana nacho, na taa ikikaa vibaya unapata mtu mwingine kabisa. Mama Section 58, tochi ilikuwa mbali kiasi gani na mtoto? Na mtoto alikuwa mbali kiasi gani na ukuta? Bila hizo mbili hatuwezi kusema chochote.

MamaSection58
Tochi nilikuwa nimeishikilia dada yake, kama hatua moja hivi kutoka kwake. Mtoto bega lilikuwa linagusa ukuta. Nimekosea kuandika hapo juu, dada yake ndiye aliishika si mimi.

Mwalimu_Lurambi
Sawa. Sasa sikilizeni kwa sababu hii ndio kazi yote. Chukua kichwa kiko sentimita 15 kutoka kwa ukuta, hapo ndipo pua huwa bega likigusa. Ukiweka tochi mita 2 kutoka kwa kichwa, kivuli kinakuwa kikubwa kwa asilimia 7 hivi tu, hutajua hata. Ukileta tochi nusu mita, kinakuwa kikubwa kwa asilimia 30. Na ukubwa peke yake si shida, shida ni kwamba kichwa si bapa kama sahani. Shavu na sikio la upande wa taa liko karibu na tochi kuliko pua, kwa hivyo taa ikiwa karibu shavu linavimba linakula sehemu ya mdomo, nywele zinajaa, mtoto anazeeka. Halafu kuna tochi kushikwa chini ama juu. Dada yake ni mfupi? Basi alikuwa anaangaza kutoka chini kwenda juu na kidevu kimevutwa. Huyo mzee wenu ametengenezwa na mkono wa dada.

DadaWebuye
Mwalimu pole pole, huyo mama hajakuja kwa mtihani 😂
Mimi nataka kuuliza kitu kingine kabla hatujafika kwa taa. Ako Gredi 1, yaani miaka sita, saba. Meno ya mbele ya juu ako nayo?

MamaSection58
Ametoa yote mawili ya mbele, mapengo kabisa. Kwani?

DadaWebuye
Basi ni hapo. Mimi nafanya kwa kliniki ya meno na hii naona kila siku. Mdomo wa juu unashikiliwa na meno, yakitoka mdomo unaingia ndani na kidevu kinaonekana kimesonga mbele. Ndio maana wazee wenye hawana meno wana ule uso wa upande wenye kidevu kinakaribia pua. Mtoto wa mapengo na mzee wa mapengo wanafanana kwa upande, wote, hata kama hawana damu moja. Uliza cucu kama mzee alikuwa na meno.

MamaSection58
Nimemuuliza sasa hivi. Anasema mzee ya juu hakuwa nayo miaka mingi. Lakini anasema si mdomo aliona, aliona paji la uso na pua. Na amekataa kabisa mambo ya meno, anasema alikaa na huyo mtu tangu ujana wao, meno yakiwa yote.

fundi_kondele
Si nilisema. Pua.

BabaMbili_Bahati
Mimi ni jirani yako karibu, niko Bahati hapa Nakuru. Hebu uliza, huyo kijana anaitwa nani? Kama ni wa kwanza wa kiume, kwetu sisi amepewa jina la baba ya babake, si ndio? Basi tangu azaliwe watu wote kwa hiyo nyumba wanamwita mzee, wanamsalimia kama mzee, cucu anamwita bwanangu. Ukimwita mtu jina la mtu mwingine kila siku utaona huyo mwingine tu. Cucu akiona kichwa cheusi kisicho na macho, atamuweka nani hapo kama si yule anamkosa?

nyarKisumu
Baba Mbili hiyo imenigusa. Lakini sasa mbona mama mwenyewe pia aliona guka na yeye alikuwa akimuona mtoto kama yeye?

BabaMbili_Bahati
Aliona kabla ya cucu kusema ama baada?

MamaSection58
...baada. Lakini niliona haraka sana. Nikaenda nikatoa picha ya mazishi nikaona ni kweli.

Mwalimu_Lurambi
Picha ya mazishi ni ya mbele, mama. Unalinganishaje uso wa mbele na kivuli cha upande?

MamaSection58
Iko moja ya harusi ya shemeji yangu, mzee ameangalia upande. Si yangu kubishana mwalimu lakini ingia hapa nyumbani utaona.

mchora_mabango (Busia)
Naona mko na vita ya zamani sana bila kujua hahaha. Mimi ni wa kuchora mabango na nimesoma hii historia kwa sababu naipenda. Hizi picha zilikuwa biashara kubwa Ulaya na Marekani kabla ya kamera, watu wa kawaida hawakuweza kulipa mchoraji wa rangi, kwa hivyo walilipa kidogo wakakatiwa kivuli. Mwanzilishi ni waziri wa fedha wa Ufaransa, Étienne de Silhouette, 1759.

Mwalimu_Lurambi
Hakuwa mwanzilishi. Watu walikuwa wakikata vivuli kabla yake. Yeye alikaa kwa hiyo wizara miezi michache tu mwaka huo wa 1759, akataka kubana matumizi na kutoza matajiri kodi, wakamchukia, na kitu chochote cha bei ya chini kikapachikwa jina lake, ndio hizi picha zikaitwa silhouette. Wengine wanasema yeye mwenyewe alipenda kukata hizo picha nyumbani. Zote mbili zinasemwa.

mchora_mabango
Sawa nimekubali, aliachia jina tu. Lakini nilikuwa naelekea kwa hii: mchungaji wa Zürich, Uswisi, anaitwa Lavater, miaka ya 1770, alitoa vitabu vikubwa akidai mstari wa uso wa upande unatoa tabia ya mtu, paji la uso hivi ni akili, pua hivi ni hasira. Alikuwa na kiti maalum, mtu anakaa, kando yake kuna fremu imewekwa karatasi, mshumaa upande wa pili, mchoraji yuko nyuma ya karatasi anafuata kivuli. Kwa hivyo fundi akisema kivuli kinatoa mfupa, hayo ni ya Lavater.

nyarKisumu
Na hapo ndipo mimi huwa nasita na hizi picha, niseme tu wazi. Wakati huo huo kulikuwa na Mholanzi Petrus Camper anapima pembe ya uso kwa upande, na waliokuja nyuma yake wakachukua hizo pembe wakapanga watu kwa madaraja, sisi tukawekwa chini karibu na nyani. Kutumia mstari huu huu wa pua na kidevu. Kwa hivyo mtu akianza kusoma tabia ama akili kwa kivuli cha mtoto wangu nafunga kitabu. Kufanana na guka sawa, zaidi ya hapo hapana.

fundi_kondele
Dada nyarKisumu uko sawa na mimi sikusema tabia, nilisema sura. Sura ya familia iko.

mchora_mabango
@nyarKisumu asante kwa kuleta hiyo. Na kuna upande mwingine wa hiyo historia wenye watu hawasemi. Mkataji aliyefanya kazi nyingi sana Philadelphia alikuwa mtu mweusi, Moses Williams, alizaliwa mtumwa kwa nyumba ya Charles Willson Peale mwenye makumbusho. Watoto wa Peale walifundishwa kupaka rangi za mafuta, yeye akapewa mashine ya kufuata uso na makasi. Aliachwa huru 1802, na mwaka uliofuata alikata zaidi ya 8,000 kwa hayo makumbusho, senti nane nane, na hizo pesa akanunua nyumba yake. Karatasi ilikunjwa mara mbili unapata nakala nne kwa mkato mmoja, na alikuwa anatoa ndani, yaani kichwa kinaanguka kama shimo, halafu karatasi nyeupe yenye shimo inalazwa juu ya nyeusi. Mimi nafanya vivyo hivyo kwa watoto wangu, ni rahisi kuliko kukata kichwa cheusi na kukipaka gundi, maana hakikunjiki na hakichafuki.

BabaMbili_Bahati
Hiyo ya shimo nimeipenda. Wembe ama makasi?

mchora_mabango
Wembe mpya kwa paji la uso na shingo, juu ya kioo ama kadibodi ngumu. Kwa midomo na pua tumia makasi madogo ya kucha yenye yamepinda, na geuza karatasi usigeuze mkono, mkono ukae pale pale unafungua na kufunga tu. Hapo ndipo wengi huharibu, wanakimbiza makasi kuzunguka pua. Na mdomo ukiukata nusu milimita ndani umempa mtoto huzuni, kwa hivyo kata nje ya penseli kwanza halafu unarudi unapunguza.

nyarKisumu
Kwetu shida ilikuwa tofauti. Dani (nyanya kwa Kijaluo) alikuja akapata nimepiga pini vivuli vya wajukuu kwa ukuta wa sitingi rumu, akasema nitoe siku hiyo hiyo. Kwake kivuli cha mtu hakichezewi na hakipigwi msumari, kivuli ni mtu. Sikubishana. Niliviweka kwa fremu, hakuna pini inayogusa, na akakubali vikae. Sasa hivi yeye ndiye anaonyesha wageni.

DadaWebuye
Ulifanya vizuri. Mama mkubwa wangu pia hapendi mtu akanyage kivuli chake.

fundi_kondele
Na hata bila dani, pini inatoboa karatasi na unyevu wa huku Kisumu unaingia hapo. Fremu, kadi nyeupe ya kuinua kioo kidogo kisiguse karatasi, na nyuma uzibe na tepu ya karatasi. Karatasi ikigusa kioo inashika ukungu mvua ikianza.

BabaMbili_Bahati
Fundi umeanza kuuza 😂😂

fundi_kondele
Mimi nasema tu. Kadi hata ya sanduku la biskuti inatosha.

JuaLaJioni (Homa Bay)
Mnahangaika na tochi na jua liko bure. Mimi natumia mlango wa magharibi jioni jua likikaribia kutua. Huku tuko karibu na ikweta, jua linashuka wima kwa kasi, digrii 15 kila saa, kwa hivyo dakika za mwisho mwanga unaingia umelala kabisa hadi ukuta wa nyuma. Hakuna cha tochi karibu ama mbali, jua liko mbali vya kutosha, kivuli ni saizi ya kichwa chenyewe. Mwalimu anikosoe.

Mwalimu_Lurambi
Kwa saizi sikukosoi, uko sawa kabisa. Kwa ukali wa mstari nakukosoa. Jua si nukta, lina upana wa nusu digrii hivi angani, kwa hivyo kwa kila sentimita 10 kati ya pua na ukuta unapata karibu milimita 1 ya ukungu kwa kingo. Pua ikiwa sentimita 15, ni milimita moja na nusu. LED ndogo ya simu, ile taa ya tochi, ikiwa mita 2 inakupa chini ya nusu milimita. Balbu kubwa ya maziwa ndiyo mbaya, ile inakupa milimita nne, tano, huwezi kujua mdomo unaanza wapi. Na tubu ndefu ya kwa dari usijaribu kabisa.

JuaLaJioni
Milimita moja na nusu penseli yangu inamaliza. Na mtoto akisimama kwa jua anatulia, tochi inamchoma macho anageuka.

MamaSection58
Sasa mwalimu, mbona tochi yangu ilitoa kingo mbili kwa pua? Kama pua mbili moja nyepesi.

Mwalimu_Lurambi
Simu nyingi zina LED mbili kando kando. Kila moja inatupa kivuli chake. Ziba moja na kipande cha tepu nyeusi.

DadaWebuye
Eh hiyo nimejifunza leo.

nyarKisumu
JuaLaJioni, kwangu mlango unaangalia magharibi lakini jua linaingia kwa pembe, halinyooki na ukuta. Nikimuweka mtoto sambamba na ukuta kivuli kinatoka robo tatu, jicho la pili linaanza kuonekana kama nundu.

JuaLaJioni
Ni mwezi gani ulijaribu? Machi na Septemba jua linatua magharibi yenyewe. Juni linaenda kaskazini, Desemba linaenda kusini, zaidi ya digrii 23 kila upande. Usitumie ukuta basi, bandika karatasi kwa ubao wa plaiwudi, uegemeze kiti, ugeuze ubao uangalie jua macho kwa macho, halafu mtoto asimame sambamba na ubao. Hapo mwaka mzima unafanya.

OdhisKE
Mbona msipige picha na simu, mtoto mbele ya dirisha, unachora juu yake unaprinti kwa saiba? Dakika tano. Mimi wangu ana miaka miwili hawezi kusimama kwa penseli.

fundi_kondele
Hiyo si kivuli hiyo ni picha umeipaka rangi nyeusi.

OdhisKE
Sasa mtoto wa miaka miwili utamfunga na kamba?

mchora_mabango
Odhis yuko sawa kwa wadogo. Rudi nyuma mita mbili tatu ukavute na zumu, usimkaribie, ukikaribia shavu linavimba kama mwalimu alivyosema ya tochi. Simu iwe urefu wa sikio lake. Lakini kwa wenye wanaweza kutulia, mimi nakataa simu, si kwa sababu ya sura, ni kwa sababu ya zile dakika. Mtoto wangu mkubwa hanipi dakika mbili za kumwangalia siku hizi, lakini akikaa kwa kivuli ananipa.

MamaSection58
Mchora umesema ukweli kabisa.
Sasa nimerudi na habari. Nilifanya jaribio kama mwalimu alivyotaka. Tochi mbali, LED moja nimeziba, nimeiweka juu ya kabati ikalingana na sikio lake, mtoto mdomo umefungwa. Nikafanya na watoto wa jirani pia, nikachanganya bila majina, zote saizi moja kwa mashine ya kopi. Nikaonyesha watu wa bwanangu walipokuja. Cucu alichukua ya kijana wangu tena akasema mzee. Shangazi akachukua ya mtoto wa jirani akasema huyu ndiye mzee! Bwanangu akasema ya kijana wetu ni mjomba wangu mimi, ndugu ya mama yangu, yaani upande wangu kabisa. Shemeji hakutambua yeyote.

Mwalimu_Lurambi
Hapo. Watu wanne, majibu matatu, na mmoja hana jibu.

BabaMbili_Bahati
Si nilisema, kila mtu anaona anayemkosa. Mjomba huyo yuko hai?

MamaSection58
Hapana. Lakini bwanangu hakumjua sana, hawezi kuwa anamkosa.

fundi_kondele
Cucu amepata mara mbili na huyo ndiye alimjua zaidi. Shangazi alikuwa mtoto wakati mzee tayari hana meno, kwa hivyo alitafuta mapengo. Huyo mtoto wa jirani ana mapengo?

MamaSection58
Anayo 😳

DadaWebuye
Fundi sasa umekuja kwa upande wangu bila kujua.

fundi_kondele
Kwa shangazi tu. Kwa cucu bado ni pua.

DadaWebuye
Pua ya mtoto wa miaka sita haijamaliza, daraja lake linaendelea kuinuka hadi ujana. Hiyo pua cucu aliona ni pua ambayo haijafika.

fundi_kondele
Basi ikifika itakuwa zaidi.

nyarKisumu
Na nywele? Msichana wangu ana matuta, nikifuata kivuli kichwa kinatoka laini kama amenyolewa, nikiacha afro ya kuchanua inajaza karatasi yote lakini ni yeye.

mchora_mabango
Acha afro. Usifuate kila kinyweleo, chora mstari wa nje mwepesi halafu ukikata unatikisa makasi vidogo vidogo kwa ncha, ukingo unakuwa na nywele. Kwa matuta ya kurudi nyuma acha mikia ya kisogoni ionekane, kata kila mkia peke yake, na ushanga kama upo. Hiyo mikia ndiyo itakuonyesha alikuwa na umri gani. Na nyuma andika jina na tarehe, tafadhali. Kulikuwa na Mfaransa Auguste Edouart, alikuwa akikunja karatasi anakata mbili mara moja, moja anapeana moja anabandika kwa kitabu chake na jina na tarehe. Meli yake ilivunjika karibu na kisiwa cha Guernsey 1849 vitabu vingi vikaenda na maji, lakini vile vilivyobaki ndio leo watu wanajua nani ni nani. Zingine za wakati huo ni vichwa tu.

OdhisKE
Manila nyeusi yangu imekuwa kahawia baada ya kukaa karibu na dirisha. Hiyo ni ya kawaida?

fundi_kondele
Karatasi ya shule hupauka kwa jua, ndio. Ukuta usiopigwa na jua, ama upake wino mweusi mwenyewe juu ya kadi nyeupe.

MamaSection58
Asanteni nyote. Sasa cucu anataka yake, anasema kama mnabishana juu ya pua ya mzee basi na yake iwekwe muone ni ya nani. Lakini hawezi kusimama muda mrefu na shingo inatetemeka kidogo. Nifanyeje?

Mwalimu_Lurambi
Asisimame. Kiti chenye mgongo mrefu kando ya ukuta, blanketi imekunjwa kati ya kichwa na mgongo wa kiti, miguu juu ya kigoda. Tochi isishikwe na mtu, ifungwe kwa kabati mita 2, urefu wa sikio lake akiwa amekaa. Anza na pua, midomo na kidevu akiwa bado hajachoka, kisogo na shingo unaweza kumalizia hata akisogea. Na mwambie avae meno kama anayo, halafu ufanye nyingine bila.

DadaWebuye
Mwalimu asante kwa hiyo ya mwisho 😂 Mama tuletee zote mbili.

BabaMbili_Bahati
Na usimwonyeshe shangazi kwanza.